Muulize Fundi: "Ati bodi yangu ni ya wati 290"

SWALI

Assalaam aleykum, dada fundi. Nina saiba ndogo huku Kisauni, na binti yangu wa pili anapiga video za harusi. Nilimnunulia kompyuta ya mtumba, Dell OptiPlex 7020, lile kasha refu la kusimama. Prosesa yake ni i5-4590, RAM giga 16. Kazi za kawaida inafanya vizuri, lakini akianza kukata video ya saa tatu inamkwamia, na wenzake wamemshauri atie kadi ya grafiki.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Akaifungua, akasoma kibandiko, akaniambia bodi hii ni ya wati 290, kadi yataka pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) ya wati 500, na nikitia ya 500 bodi itaungua kwa sababu haikuumbwa kupokea wati zote hizo. Kwa hivyo, asema, ninunue madhabodi mpya, prosesa mpya na pawasaplai mpya. Fundi wa pili, huyu yuko Mwembe Tayari, akasema hakuna neno, akanitolea pawasaplai ya wati 500 kwa shilingi 2,000. Lakini ule waya wake mpana umekataa kuingia: una matundu 24, na bodi yangu ina pini nane tu. Yupi kati yao asema kweli? Binti ana harusi nne mfungo mosi huu na ameshachukua rubuni za watu.

Mwenye saiba, Kisauni

JIBU

Waaleykum salaam, kaka yangu. Pesa zako zishike kwanza. Kwa hesabu nitakayokuonyesha, huenda usihitaji bodi, wala prosesa, wala hata hiyo pawasaplai.

Nianze na neno la fundi wa kwanza, maana hilo nimelisikia mara nyingi mno na limewala watu pesa. Bodi haina wati zake za kupokea. Ile 290 aliyoisoma imeandikwa kwenye pawasaplai, na maana yake ni kikomo: hapo ndipo pawasaplai hii inapochoka. Wati hazisukumwi kuingia kwenye bodi, huvutwa. Prosesa ikipata kazi huvuta, ikitulia huachia. Ukipika pilau la watu mia tano wakaja sitini, hakuna mgeni atakayepasuka tumbo kwa kuwa sufuria lilikuwa kubwa. Kila mmoja atakula sahani yake na nyingine itabaki. Fedheha ni pale ulipopika la sitini wakaja mia tano.

Kinachoweza kuiunguza bodi ni volti, na volti hazipandi kwa sababu pawasaplai ni kubwa. Ya wati 290 na ya wati 1,000 zote zinatoa volti 12 zile zile, na kanuni inazipa ruhusa ya kupanda au kushuka kwa asilimia 5 tu, yaani zibaki kati ya 11.4 na 12.6. Pawasaplai nzuri ya wati 1,000 kwenye bodi yako ingekaa hapo salama salimini, na hasara yake ingekuwa ya mfukoni mwako tu.

Sasa chukua kalamu. Prosesa yako, i5-4590, Intel walioitengeneza wameiandikia wati 84. Bodi yenyewe pamoja na feni zake, weka 35. Vijiti viwili vya RAM, 6. SSD, ile diski isiyozunguka, ni 4, na diski ya kuzunguka ni kama 8 ikiwa kwenye mwendo, ingawa sekunde zile za kwanza inapoanza kuzunguka yaweza kuvuta 20 na zaidi. Binti akichomeka diski ya nje ya kuhifadhia harusi zake, weka 5 nyingine. Jumla, wati 142. Ongeza kadi ya grafiki ya wati 75, umefika 217. Katika 290, hiyo ni robo tatu ya uwezo, na bado una wati 73 ambazo hujazigusa.

Sikutaka kukuandikia hesabu ya karatasi peke yake. Juzi niliingiziwa mashine ndugu ya hiyo yako, nikaichomeka kwenye kile kijimita cha ukutani chenye kioo kidogo cha namba. Ikiwa imetulia, haifanyi lolote, ilisoma wati 31. Nikaipa video iitoe upya, viini vyote vinne vya prosesa vikiwa asilimia 100, ikapanda hadi 93. Nikatia kadi ya GTX 1650 na kuvipa kazi nzito vyote viwili kwa pamoja, ikafika 171 na ikagota hapo. Na hizo ni wati za ukutani, pamoja na zile zinazopotea kwa joto ndani ya pawasaplai yenyewe. Hesabu ya karatasi siku zote iko juu kidogo ya ukweli, na ndivyo ninavyotaka iwe.

Kwa nini nimekutajia kadi ya wati 75? Kwa sababu lile tundu refu la bodi ambamo kadi huchomekwa linaruhusiwa na kanuni kutoa wati 75 na si zaidi. Kadi inayotosheka na hizo haina haja ya waya wowote kutoka kwenye pawasaplai. GTX 1650 ni mojawapo, na GTX 1050 Ti pia, lakini angalia vizuri dukani: watengenezaji wengine wameziongezea tundu la pini sita ukingoni. Igeuze kadi mkononi kabla hujalipa. Ukingo wake wa juu ukiwa mtupu, hauna tundu la waya, hiyo ndiyo yako. Ukiona tundu, irudishe, kwa sababu pawasaplai yako haina waya wa kulilisha.

Ikiwa binti ana hamu ya kadi kubwa, tuseme RTX 3060, hapo hesabu inageuka. Hiyo peke yake ni wati 170. Ukizijumlisha na zile 142 umepita 290 kabla hujamaliza kuandika, na Nvidia, watengenezaji wake wenyewe, wanashauri pawasaplai ya wati 550 kwa kadi hiyo. Mimi nisingeifunga kwenye mashine yenye prosesa ya mwaka 2014, maana kadi itakaa ikimsubiri prosesa. Lakini akili ni yenu na pesa ni zenu.

Na kabla ya kadi yoyote, nakuomba uangalie jambo moja ambalo hukuniandikia: hizo video anazihariri zikiwa kwenye diski gani? Nimeona vijana wengi wakilaumu prosesa na kadi kumbe video ya saa tatu inasomwa kutoka kwenye diski kuukuu ya kuzunguka inayohema kama punda wa mkokoteni. SSD ya giga 500 kwa ajili ya harusi anayoifanyia kazi, na ile ya kuzunguka iwe ghala. Huenda hilo likamaliza robo tatu ya kukwama kwake, na wati zake ni 4.

Sasa fundi wa pili. Huyu alikaribia kweli akaikosea mlangoni. Ni haki kwamba wati 500 hazitaiunguza bodi. Lakini bodi na pawasaplai huoana kwa vichwa vya waya kwanza, na hapo ndipo yako ilipomkatalia.

Mpango wa bodi na pawasaplai tunaouita ATX ulitolewa na Intel mwaka 1995. Waya mkuu wa bodi ulikuwa na pini 20, zikileta volti 3.3, volti 5 na volti 12. Ilipokuja Pentium 4 mwaka 2000, prosesa ilikuwa na njaa kiasi kwamba ikapewa waya wake wa pembeni wa pini nne za volti 12. Mwaka 2003 ule waya mkuu ukaongezwa ukawa wa pini 24, na huo ndio utakaoukuta kwenye bodi nyingi za kununua dukani. Bodi zenye prosesa kubwa zina pini nane za prosesa badala ya nne.

Dell katika OptiPlex 3020, 7020 na 9020 walifuata njia yao. Bodi inapokea volti 12 kupitia kichwa cha pini nane na kingine cha pini nne cha prosesa, kisha yenyewe inatengeneza zile volti 5 na 3.3. Fungua kasha lako utaliona hilo kwa macho: waya za kulisha diski hazitoki kwenye pawasaplai, zinatoka kwenye bodi. Ndiyo maana ule waya wa 24 haukuingia, na hakuna nguvu itakayouingiza.

Adapta ya kutoka 24 kwenda nane ya Dell ipo na inauzwa. Lakini sikiliza hapa, kaka, kwa sababu hapa ndipo bodi zinapokufa. Pawasaplai ya kawaida ina kichwa kingine cha pini nane kwa ajili ya prosesa, na mara nyingine kingine tena cha pini nane kwa ajili ya kadi ya grafiki. Ukiviweka kiganjani vinafanana kama watoto wa mama mmoja. Kile cha prosesa kikigawanyika hugawanyika nne kwa nne, na cha kadi hugawanyika sita kwa mbili. Volti 12 za kimoja zimekaa upande ambao kwenye kingine umekaa waya mweusi wa ardhi. Mtu akiona bodi yake ina pini nane na mkononi ana kichwa cha pini nane, kishawishi kinakuja. Matundu yake yamechongwa kwa umbo tofauti ili yakatae, lakini plastiki ya bei rahisi hukubali ukiisukuma kwa kidole gumba. Kichwa kikikataa, acha. Usimruhusu fundi yeyote akisukume mbele yako.

Na ile pawasaplai ya shilingi 2,000, ikiwa hujaichukua usiichukue. Ninapoandika ninayo moja ya namna hiyo juu ya meza, imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa za dhahabu. Chini yake kuna jedwali la herufi ndogo ambalo hakuna anayelisoma. Mstari wa volti 12 unasema ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni 216. Hizo ndizo wati ambazo prosesa na kadi ya grafiki zinaweza kuzipata, kwa sababu vyote viwili vinakula volti 12. Zilizobaki zimerundikwa kwenye volti 5 na 3.3 ambako kompyuta ya siku hizi haizihitaji, au hazipo kabisa. Yaani pawasaplai "ya 500" ina volti 12 haba kuliko ile ya 290 uliyonayo. Ukitaka kujua nzuri ikoje, ninayo nyingine hapa ya wati 450, na mstari wake wa volti 12 unasema ampea 36. Zidisha mwenyewe: 432. Karibu uwezo wake wote uko pale panapotumika.

Nikazipeleka zote mbili kwa jirani yangu auzaye bizari, akazipima kwenye mizani yake. Ya herufi za dhahabu ilikuwa gramu 640. Pawasaplai ya Dell ya wati 290, kuukuu, ya mashine niliyoivunja, ilipita kilo moja na nusu. Huo uzito ni shaba ya koili, ni mabapa ya alumini ya kupozea, ni kapasita za haja. Nikaifungua ile nyepesi. Pale pa kuingilia stima, ambapo pangekuwa na koili na kapasita za kuchuja, bodi ina matundu yake yote na majina yameandikwa kwa rangi nyeupe, lakini hakuna kitu. Wamekata vipande viwili vya waya mtupu, wakaviunga moja kwa moja na kupiga lehemu. Waya za kutokea ni nyembamba kama uzi wa kushonea viatu. Waya mzuri umeandikwa 18 AWG ubavuni mwake, nao huu umeandikwa 22, na katika hesabu ya waya namba ikikua waya hupungua. Wewe usiifungue yako kunitazamia: kapasita ya ndani hubeba volti zaidi ya 300 na hukaa nazo hata baada ya kuchomoa ukutani.

Nina sababu ya kulishikilia hili. Mwaka 2016 niliwahi kumfungia mwanafunzi mmoja pawasaplai kama hiyo, kwa kuwa pesa zake zilikuwa hizo na mimi nikakubali. Siku ya tisa stima ilipotea ikarudi kwa kishindo, pawasaplai ikapasuka na ikaondoka na bodi na diski. Ndani ya diski mlikuwa na kazi yake ya chuo ya miaka miwili. Nilimrudishia pesa. Kazi yake sikuweza kumrudishia. Tangu siku hiyo mteja asiye na pesa ya pawasaplai ya kweli namtafutia ya Dell au ya HP iliyotumika, yenye namba za kweli kwenye kibandiko, na hapati ile nyingine kutoka mkononi mwangu.

Kwa hiyo ya kwako ya 290, yafaa ipimwe afya kabla ya kuongezewa mzigo, maana ina umri. Chomoa kila kitu. Izungushe feni yake kwa kijiti: ikikwaruza au ikigoma, ibadilishwe. Toa vumbi kwa brashi na pumzi ya kipampu. Chungulia kwa tochi kupitia vitundu: kutu kwenye skrubu si ajabu kwa hapa Mombasa na hewa yetu ya chumvi, lakini kutu ikiwa imeingia hadi kwenye bodi ya ndani, usiitegemee. Angalia pia mjusi kafiri. Sisemi mzaha: hupenda lile joto, huingia kupitia nyuma, na siku anapokanyaga pini mbili kwa wakati mmoja kompyuta inakufa naye. Nimewatoa wengi, wamekauka kama dagaa. Sehemu wazi za nyuma ya kasha, zile za kadi, zifunikwe kwa vile vibati vyake.

Kisha mwambie fundi aweke maltimita kwenye kile kichwa cha pini nne cha prosesa, kompyuta ikiwa katikati ya kutoa video. Ikisoma 11.9 au 12.1, mshukuru Mungu utie kadi yako. Ikishuka chini ya 11.4, pawasaplai imechoka, na utanunua nyingine ya aina ile ile ya Dell, pini nane kwa pini nane, bila adapta.

Na iwekeni mahali penye hewa. Pawasaplai nzuri huahidi wati zake zote ikiwa ndani mwake mna nyuzi joto 40 au hata 50. Za ovyo zinaahidi kwenye nyuzi 25, joto ambalo mwezi wa Machi, kaskazi ikipuliza, hatulioni hata alfajiri. Saiba yako ikiwa na paa la mabati bila dari, kasha lisikae chini ya meza lililozibwa na makaratasi.

Ukishafunga niandikie namba ya volti uliyoipata. Nataka kuijua.

SWALI

Dada yangu aliye Marekani amenitumia pawasaplai ya wati 650, mpya. Mwenzangu asema nikiichomeka hapa itapasuka kwa sababu kule umeme wao ni mdogo. Pia plagi yake ni ya vijiti viwili bapa. Niitupe?

Kijana wa Likoni

JIBU

Usiitupe, mwanangu. Mwenzako ana hoja, lakini jibu liko kwenye kibandiko. Marekani wanatumia volti 120, sisi 240. Tafuta neno la pembejeo, pale palipoandikwa AC. Ikiwa imeandikwa 100–240V, 50–60Hz, itakubali umeme wa pande zote mbili yenyewe, bila wewe kugusa chochote. Nyingi za wati 650 za siku hizi ziko hivyo.

Ikiwa nyuma ina swichi ndogo nyekundu yenye namba 115 na 230, isukume kwa bisibisi bapa isomeke 230 kabla haijakaribia ukuta. Ikiwa kwenye 115 na ukaichomeka hapa, itakujibu kwa mlio wa baruti na moshi wenye harufu ya samaki aliyeoza, na hiyo ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho. Funga swichi hiyo kwa utepe, mtoto asiichezee. Na ikiwa imeandikwa 115V peke yake, bila swichi, mrudishie dada au iweke akiba ya feni na skrubu.

Waya wa ukutani usikusumbue. Upande unaoingia kwenye pawasaplai ni ule ule dunia nzima, kwa hiyo nunua waya wetu wa pini tatu wenye fyuzi ndani. Fyuzi ya ampea 5 inatosha: 5 mara 240 ni wati 1,200. Ile pini ya tatu ya ardhi usiikate ili ikuingie kwenye ekstensheni ya vijiti viwili. Kasha la chuma bila ardhi litakuwa likikufinya vidole kila ukiligusa ukiwa miguu mitupu kwenye sakafu.

SWALI

Nina UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta stima zikipotea, ya 650 VA. Pawasaplai yangu ni ya wati 550. Je, 650 si kubwa kuliko 550, kwa hiyo inatosha?

Mama wa watoto wa shule, Mikindani

JIBU

Mama, hizo ni namba mbili za vitu viwili. VA si wati. UPS ndogo nyingi za nyumbani zinatoa wati ambazo ni kama nusu ya VA zake, au asilimia 60. Pindua yako, soma chini: huenda imeandikwa wati 360 au 390. Hiyo ndiyo ya kuhesabu.

Lakini kama nilivyomwambia kaka wa Kisauni, na 550 ya pawasaplai yako nayo si matumizi yako, ni kikomo. Kompyuta ya kusomea watoto, bila kadi kubwa ya grafiki, ikifanya kazi haipiti wati 120 ukutani, na kioo cha kutazamia ni kama 25. Jumla 145. UPS yako inatosha, na itakupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu. Usingoje hadi iishe. Na ikishazimwa, stima zikirudi, subiri kama dakika tano kabla ya kuwasha, maana huwa zinarudi, zinaondoka, zinarudi tena.

Kitu kimoja tu kisichomekwe hapo ni printa ya leza. Inapopasha joto karatasi huvuta wati mia kadhaa kwa mpigo mmoja, na UPS ndogo itajizima pamoja na kompyuta ya watoto. Iweke kwenye tundu lake la ukutani.